Soko la Macho na Siasa za Uasi

Mwaka 1971 mtaalamu wa uchumi na saikolojia wa Marekani, Herbert Simon, ambaye baadaye alitunukiwa Nobel ya uchumi, alieleza jambo ambalo kwa wakati ule lilihusu zaidi uendeshaji wa maofisi kuliko siasa: kwamba mahali palipofurika habari, kinachoadimika ni kile kinacholiwa na habari hizo, nacho ni nadhari ya mpokeaji. Nadhari ni uwezo wa akili kujielekeza kwenye jambo moja na kuyaacha mengine yapite, na kwa kuwa saa za kuwa macho ni chache na akili haishiki mambo mawili mazito kwa mara moja, uwezo huo una kikomo kwa kila mtu, awe tajiri au fukara. Kutokana na fikra hiyo ilizuka istilahi ya uchumi wa nadhari, yaani mfumo wa biashara ambamo anayesoma au kutazama halipi kitu, au hulipa kidogo, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye bidhaa inayofikishwa kwa mtangazaji. Biashara hiyo si ngeni. Gazeti la The Sun la New York lilianza kuuzwa kwa senti moja mwaka 1833, kwa hesabu kwamba wingi wa wasomaji ungewavuta wenye matangazo. Mitandao ya kijamii imeongeza jambo moja tu, lakini kubwa: kila mguso wa kidole na kila sekunde ya kusita mbele ya picha hupimwa, na thamani yake hupigiwa mnada kabla ukurasa haujamaliza kufunguka.

Swali ambalo mfumo huu unaliibua ni la zamani kuliko mashine zake, nalo ni la kifalsafa na, kwa kiasi kikubwa, la kidini: je, nadhari ni mali au ni tendo? Ikiwa ni mali, yaweza kuvutwa, kukusanywa na kuuzwa bila mtu kuuliza ilitolewa kwa nia gani, kama ambavyo muuza nafaka hahitaji kujua dhamira ya mkulima. Ikiwa ni tendo la moyo, basi anayeitoa anawajibika kwa namna anavyoitoa, na kutazama kwa upendo, kwa udadisi au kwa chuki ni matendo matatu tofauti hata kama jicho ni lile lile na kinachotazamwa ni kile kile. Soko limechagua jibu la kwanza, na katika uchaguzi huo ndimo ilimo sababu kuu ya kustawi kwa siasa za uasi katika zama hizi, kwa maana ya siasa za watu wanaovamia uwanja kutoka nje ya vyama vilivyozoeleka, au wanaojifanya wametoka nje, wakitangaza kwamba nyumba nzima imeoza.

Siasa hizo huitwa na wanazuoni upopulisti. Cas Mudde, mwanasayansi wa siasa wa Uholanzi, aliueleza mwaka 2004 kuwa ni itikadi nyembamba inayoigawa jamii katika makundi mawili tu, wananchi safi na wakubwa waliooza, na inayodai kwamba siasa ziwe utekelezaji wa matakwa ya hao wa kwanza. Wembamba wake ndio unaoiwezesha kujishikiza kwa itikadi yoyote nyingine, ya kulia au ya kushoto. Jan-Werner Müller wa Chuo Kikuu cha Princeton aliongeza mwaka 2016 sharti lililo muhimu zaidi, kwamba mpopulisti hasemi tu kuwa wakubwa ni wabaya, maana hilo kila mpinzani hulisema. Yeye hudai kwamba ni yeye peke yake anayewawakilisha wananchi wa kweli, na kwamba asiyemkubali si mwananchi wa kweli. Dai hilo la pili ndilo linalokutana na soko la nadhari kama ufunguo na kufuli lake.

Kukutana huko kunaonekana vizuri katika vipimo vyenyewe. Algorithimu, yaani mfuatano wa maagizo ya kompyuta unaoamua ni chapisho lipi limfikie nani na lipi litangulie, haina njia ya kuona ndani ya nafsi, kwa hiyo hupima kinachoonekana: muda, mguso, maoni, kusambaza. Nyaraka za ndani za Facebook zilizofichuliwa mwaka 2021 zilionyesha kwamba tangu mwaka 2017 alama ya uso wenye hasira ilipewa uzito mara tano ya alama ya kupenda, sawa na alama nyingine za hisia kama mapenzi, kicheko na huzuni. Uzito huo ulipunguzwa kidogo kidogo, na mwaka 2020 uso wa hasira ukaondolewa kabisa katika hesabu. Wengi walioandika juu ya ufichuzi huo walikazia hasira. Lililo zito zaidi ni ule usawa, kwamba kwa miaka mitatu mtambo uliokuwa mbele ya watu wengi kuliko chombo chochote cha habari katika historia ulihesabu mapenzi na ghadhabu kuwa thamani moja.

Kwa mwanasiasa wa kawaida, ghadhabu ni hasara. Waziri anayelaaniwa na magazeti, maaskofu na wachumi kwa wiki nzima hupoteza kitu ambacho hawezi kukipata tena kwa urahisi, kwa sababu nguvu yake inatokana na kuaminiwa na watu hao hao. Mpopulisti, kinyume chake, amekwisha kuwaambia wafuasi wake kwamba wakubwa wanamchukia kwa kuwa anawatetea walalahoi, hivyo kila laana itokayo kwa vigogo humlipa mara mbili: humwongezea muda wa kutazamwa, na huthibitisha hadithi yake. Yeye ndiye mfanyabiashara pekee katika soko hili anayepokea sarafu zote mbili kwa bei ile ile. Hii ndiyo sababu ushauri wa kumfichua kwa ukweli, ambao ni ushauri mwema na usioepukika, humpata mara nyingi akiwa amekwisha kufaidika nao.

Jambo hili lisingemshangaza Augustino wa Hippo. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, aliyoyaandika karibu na mwaka 400, anatofautisha tamaa ya raha na tamaa ya macho, ile ambayo waraka wa kwanza wa Yohana unaitaja pamoja na tamaa ya mwili na kiburi cha uzima. Tamaa ya raha, anaeleza, hufuata kilicho kizuri: sauti tamu, harufu nzuri, kitu laini. Tamaa ya macho hufuata hata kinyume chake, na ushahidi anaoutoa ni maiti iliyoraruliwa, ambayo watu huikimbilia ili wahuzunike na kusawijika, kisha wakaogopa kuiota usiku. Kwa maneno mengine, Augustino alikwisha kuona kwamba kutazama si dalili ya kupenda, na kwamba kuna mvuto wa pekee katika kinachochukiza, mvuto ambao aliuita ugonjwa na ambao alidhani ndio unaozalisha maonyesho ya ajabu katika majumba ya michezo. Soko la leo limeukuta ugonjwa huo na kuuandika katika daftari kama ridhaa.

Kampeni ya Donald Trump ya mwaka 2015 na 2016 ilithibitisha hilo kwa takwimu. Tathmini iliyochapishwa na gazeti la The New York Times mwezi Machi 2016 ilikadiria kwamba habari zilizotangazwa juu yake bila malipo zilikuwa na thamani ya takribani dola bilioni 2, mbali zaidi ya mgombea mwingine yeyote, zikiwamo zile za kumshutumu. Mwishoni mwa mwezi uliotangulia, mkuu wa kampuni ya utangazaji ya CBS, Leslie Moonves, alikuwa ameuambia mkutano wa wawekezaji kwamba kampeni hiyo huenda isiwe na heri kwa Marekani lakini ilikuwa na heri kubwa kwa CBS, kauli ambayo ina fadhila moja ya kutojificha. Usiku wa tarehe 15 Machi, Bernie Sanders alipokuwa akiwahutubia wafuasi wake huko Phoenix, vituo vikubwa vya habari vya kebo havikuirusha hotuba yake moja kwa moja. Vilibaki vikionyesha jukwaa tupu la Florida ambalo Trump alitarajiwa kulipanda. Mtu ambaye hajafika, hajasema neno, alikuwa na thamani kuliko seneta aliyekuwa akieleza sera zake. Kusubiri tusi au kituko ni hali ya nafsi ambayo soko laweza kuiuza hata kabla bidhaa haijaletwa.

Brazil ilitoa mfano wa upande wa pili mwaka 2018. Sheria za nchi hiyo hugawa muda wa bure wa televisheni kwa kuzingatia ukubwa wa vyama bungeni, na kwa hesabu hiyo Geraldo Alckmin alipata zaidi ya dakika tano katika kila kipindi cha kampeni, wakati Jair Bolsonaro alipata sekunde nane. Alckmin alimaliza duru ya kwanza akiwa na chini ya asilimia 5 ya kura. Bolsonaro, ambaye ujumbe wake ulisambaa kwa WhatsApp na ambaye kisu alichochomwa hadharani mwezi Septemba kilimweka katika kila taarifa ya habari, alipata asilimia 46 na kushinda duru ya pili. Nadhari iliyogawiwa kwa sheria ilishindwa na nadhari iliyovutwa.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba teknolojia ndiyo iliyomzaa mtu wa aina hii. Athens ya karne ya tano Kabla ya Kristo ilikuwa na Cleon, ambaye kitabu cha katiba ya Athens kinachohusishwa na Aristotle kinamtaja kuwa wa kwanza kupiga makelele jukwaani na kuhutubia akiwa amejifunga nguo kiunoni, mahali ambapo wenzake walisimama kwa adabu. Mji wa Mitilene katika kisiwa cha Lesbos uliasi mwaka 428, ukashindwa mwaka uliofuata, na mkutano wa wananchi wa Athens, kwa hasira na kwa hoja ya Cleon, ukaamua wanaume wote wa mji huo wauawe na wanawake na watoto wauzwe utumwani. Merikebu ya makasia ikatumwa siku hiyo hiyo kupeleka amri. Kesho yake watu walijuta na mkutano ukaitishwa tena. Thucydides, mwanahistoria aliyeishi wakati huo, anamwonyesha Cleon akiwakemea Waathene kwamba wamekuwa watazamaji wa hotuba, wanaokwenda kwenye mambo ya dola kama waendao kwenye tamasha, watumwa wa kila jipya. Shutuma hiyo ilikuwa ya kweli (Matendo ya Mitume yatasema karibu jambo lile lile juu ya Waathene karne tano baadaye), na inasisimua kuona kwamba ilitolewa na mjuzi mkuu wa tamasha lenyewe. Mpopulisti stadi huwa wa kwanza kuulaani uchezaji anaouishi.

Aliyempinga, Diodotus, ambaye historia haimjui kwa lolote jingine, hakuomba huruma. Alijibu kwa hoja ya faida, kwamba kuua wote kungefundisha miji mingine isisalimu amri kamwe, na alilalamika kwamba mjini humo hata mshauri mwema alilazimika kudanganya ili aaminike. Kura zilikaribiana sana, upande wa Diodotus ukashinda, na merikebu ya pili ikatumwa kuikimbilia ya kwanza iliyokuwa imetangulia karibu siku moja na usiku wake. Wapiga makasia walikula unga wa shayiri uliochanganywa na divai na mafuta huku wakivuta makasia, wakalala kwa zamu, na wakafika wakati amri ya kwanza ikiwa imekwisha kusomwa lakini haijatekelezwa. Waliotajwa kuwa wachochezi waliuawa hata hivyo, lakini mji ulinusurika. Jambo lililouokoa, zaidi ya ufasaha wa mtu yeyote, ni kwamba kati ya kura ya kwanza na ya pili kulikuwa na usiku mmoja. Mfumo unaolipa mwitikio wa papo kwa papo una kila sababu ya kibiashara ya kuufuta usiku huo.

Pengine hakuna nchi iliyoyaonyesha haya kwa ukamilifu kuliko Italia, ambako mchekeshaji Beppe Grillo alijenga kutoka kwenye kicheko chama kilichokuja kuwa kikubwa kuliko vyote. Grillo alipoteza nafasi yake katika televisheni ya taifa baada ya mzaha wa mwaka 1986 uliodokeza kwamba wasoshalisti wa waziri mkuu Bettino Craxi ni wezi, akahamia kwenye kumbi za maonyesho, na mwaka 2005, akishirikiana na mtaalamu wa mitandao Gianroberto Casaleggio, akafungua ukurasa wa intaneti uliopata wasomaji wengi ajabu. Tarehe 8 Septemba 2007 alikusanya umati Bologna na katika viwanja vya miji mingine kwa siku iliyopewa jina la tusi zito la Kiitalia, na wakati tusi hilo likipigwa picha na kila kituo, zilikusanywa pia saini zaidi ya laki tatu za kuunga mkono mswada wa kuwazuia wenye hatia za jinai kukaa bungeni. Tusi na mswada vilikwenda pamoja, na haifai kukisahau kimoja kwa ajili ya kingine. Vuguvugu la Nyota Tano lilizinduliwa rasmi tarehe 4 Oktoba 2009, siku iliyochaguliwa kwa makusudi kwa kuwa ni sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, na mwezi Oktoba 2012, akiwa na miaka 64, Grillo aliogelea mlangobahari wa Messina kuingia Sisilia kuanza kampeni. Wagombea wake walikatazwa kwenda kwenye mijadala ya televisheni. Katazo hilo lilifanya kila kipindi kiwazungumzie wasiokuwapo, na katika uchaguzi wa Februari 2013 vuguvugu lilipata robo ya kura za Baraza la Wawakilishi.

Kilichofuata kinastahili kutazamwa kwa karibu. Hakuna upande uliopata wingi wa kutosha katika mabaraza yote mawili, na Pier Luigi Bersani wa chama cha mrengo wa kati-kushoto aliwaomba Nyota Tano wamwezeshe kuunda serikali. Vuguvugu lilikubali kukutana naye kwa sharti la uwazi: mazungumzo yarushwe moja kwa moja kwenye intaneti. Tarehe 27 Machi 2013 Bersani na msaidizi wake walikaa mezani mbele ya Vito Crimi na Roberta Lombardi, viongozi wa wabunge wa vuguvugu, na Italia nzima ikitazama. Bersani alieleza kwa dakika nyingi ugumu wa hali ya nchi, na Lombardi akamjibu kwamba alikuwa akijisikia kama yuko kwenye Ballarò, kipindi mashuhuri cha mjadala wa televisheni. Jibu lile lilisifiwa kwa ukali wake, nalo lilikuwa sahihi kuliko msemaji alivyokusudia, kwa sababu chumba kile kilikuwa studio kweli, na ni sharti la vuguvugu lenyewe lililokifanya studio. Mapatano hudai kwamba mtu aseme jambo asiloweza kulisema mbele ya wafuasi wake, alipime, alirudishe, akubali nusu ya alichokitaka. Mbele ya kamera kila nusu ni usaliti. Mwezi mmoja baadaye chama cha Bersani kiliunda serikali pamoja na wafuasi wa Silvio Berlusconi, ndoa ya vigogo kwa vigogo kama Nyota Tano walivyokuwa wakitabiri siku zote, na utabiri uliotimia ukawa chakula cha kampeni iliyofuata. Uwazi ni tunu ya kidemokrasia, na ni vigumu kuupinga bila kuonekana mtetezi wa njama. Lakini uwazi unaopimwa kwa idadi ya watazamaji humhukumu kila mpatanishi kabla hajafungua kinywa.

Hapo hujitokeza pingamizi ambalo mtu mwadilifu hawezi kulipita: kwamba malalamiko ni ya kweli. Bunge la Italia lilikuwa kweli na watu waliokwisha kutiwa hatiani na mahakama. Viwanda vya kaskazini mwa Marekani vilifungwa kweli. Wananchi wengi hawakuwa wametazamwa na dola yao kwa miaka, ila siku ya kodi na siku ya kura. Simone Weil, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyefanya kazi viwandani kati ya mwaka 1934 na 1935 ili ayajue maisha hayo kwa mwili wake, aliiweka nadhari katikati ya maadili na dini. Kwake, nadhari kamili ni ile inayosimamisha mawazo ya mtu mwenyewe na kungoja, tayari kupokea kitu kilichopo jinsi kilivyo. Sala ni nadhari hiyo ikielekezwa kwa Mungu, na kumpenda jirani ni kuweza kumuuliza mwenye dhiki kinachomsibu na kusubiri jibu. Kwa kipimo hiki njaa ambayo mpopulisti anaijibu ni njaa halali, pengine ile iliyo halali kuliko zote, yaani kutaka kuonwa. Na ni lazima ikubaliwe kwamba wanasiasa wa kawaida, wenye takwimu zao na kamati zao, walikuwa wameacha kuitambua.

Tatizo liko katika kile kinachotolewa badala yake. Mpopulisti huwaambia waliosahauliwa kwamba sasa wanaonwa, lakini anayeonwa ni yeye. Kamera hazikuhamia kwenye mji uliofungiwa kiwanda. Zilihamia kwa mtu aliyeutaja mji huo kwa sentensi moja katikati ya matusi kwa mpinzani wake, na wakazi wa mji, wakimwona akitukanwa na wale wale waliowadharau, huhisi kwamba heshima yake ni yao na fedheha yake ni yao. Huu ni uwakilishi wa aina ya ajabu, ambamo nadhari iliyokusudiwa mwenye dhiki hupokelewa na wakala na haimfikii mwenyewe. Weil, katika andiko lake juu ya kufutwa kwa vyama vya siasa, aliloliandika mwaka 1943 muda mfupi kabla ya kifo chake, alivieleza vyama kuwa mitambo ya kutengeneza shauku ya pamoja, ambamo mtu huacha kuuliza lililo kweli na kuanza kuuliza lililo la upande wake. Alikuwa mkali kupita kiasi kwa vyama, ambavyo vina kazi nyingine pia, lakini maelezo yake ya mtambo yanakitoshea kitu ambacho hakuishi kukiona.

Msomaji wa Afrika Mashariki atauliza mara moja kuhusu Kenya ya mwaka 2024, na swali lake ni la haki, kwa maana vijana waliopinga Muswada wa Fedha waliitumia mitandao ile ile ya TikTok na X, na katika wiki za mwanzo waliitumia kueleza vifungu vya muswada, kuvitafsiri katika lugha za nyumbani na kufundishana. Walijitangaza kuwa hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama, tamko lililokuwa kinyume kabisa cha dai la mpopulisti kwamba yeye peke yake ndiye wananchi. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni na watu wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini muswada huo. Kisa hiki kinaonyesha kwamba soko la nadhari halimlazimishi mtu kumtafuta mwokozi. Kinaonyesha pia, kwa yale yaliyofuata, kwamba kukataa hupata nadhari kuliko kujenga, na kwamba harakati isiyo na sura huyakuta mazungumzo magumu kwa njia yake yenyewe.

Je, mtazamaji ana wajibu gani? William James aliandika mwaka 1890, katika kitabu chake kikubwa cha saikolojia, kwamba uzoefu wa mtu ni yale anayokubali kuyapa nadhari, na neno zito hapo ni kukubali. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi. Katika sehemu ya Ihyaa Ulumiddin inayohusu maajabu ya moyo anaufananisha moyo na birika linalopokea maji kutoka mito inayotiririka juu ya ardhi, nayo ni milango ya fahamu, lakini ambalo pia laweza kuzibwa mito hiyo na kuchimbwa chini mpaka maji safi yabubujike kutoka ndani yake. Maana ya mfano huo kwa siasa ni kali: hakuna kutazama kusikokuwa na athari kwa mtazamaji, hata kutazama kwa kukejeli, na anayepitisha jioni yake akimsambaza mtu anayemchukia ili wenzake wamchukie pia anajaza birika lake kwa mkono wake mwenyewe. Hesabu ya nafsi ambayo Ghazali anaidai haitambui utetezi kwamba macho yalivutwa.

Hata hivyo wajibu wa mtu mmoja mmoja hauwezi kuchukua nafasi ya wajibu wa taasisi, na taasisi zina mtego wao. Kutomtazama mwasi ni kumpa hoja kwamba amenyamazishwa. Vituo vya utangazaji vya Ubelgiji ya wasemao Kifaransa vimeshika kwa miaka mingi desturi ya kutowapa wanasiasa wa siasa kali za kulia nafasi ya kuzungumza moja kwa moja hewani, na mrengo huo umebaki dhaifu huko kuliko upande wa Waflemi, ingawa sababu nyingine za kihistoria zipo. Desturi ya namna hiyo hufanya kazi pale tu ambapo wote wanaishika na inapowekwa mapema. Romania ilichelewa. Călin Georgescu, aliyetangaza kwamba hakutumia fedha yoyote kwenye kampeni na aliyejulikana zaidi kwa video za TikTok, aliongoza duru ya kwanza ya urais mwezi Novemba 2024; tarehe 6 Desemba Mahakama ya Katiba iliufuta uchaguzi mzima, siku mbili kabla ya duru ya pili, na uchaguzi uliporudiwa mwezi Mei 2025 George Simion, aliyejitokeza kama mrithi wa ghadhabu hiyo, alipata takribani asilimia 41 katika duru ya kwanza kabla ya kushindwa na Nicușor Dan.

Italia, kwa upande wake, haikumfungia mtu. Nyota Tano walipata karibu theluthi ya kura mwaka 2018 na wakashiriki katika serikali tatu mfululizo, ya kwanza pamoja na mrengo wa kulia, ya pili pamoja na chama kile kile walichokidhihaki mbele ya kamera mwaka 2013, ya tatu chini ya Mario Draghi, aliyekuwa mkuu wa benki kuu ya Ulaya. Walileta posho ya serikali kwa maskini na walipunguza idadi ya wabunge kutoka 945 hadi 600, mageuzi ambayo yalithibitishwa kwa kura ya maoni mwaka 2020 na ambayo vyama vya awali vilikuwa vimeyaahidi kwa miongo kadhaa. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 walishuka hadi asilimia 15. Aliyepanda, kutoka asilimia 4 hadi 26, ni Giorgia Meloni, ambaye chama chake ndicho pekee miongoni mwa vikubwa kilichokuwa kimebaki nje ya serikali ya Draghi. Miaka miwili baadaye, mwezi Novemba 2024, wanachama wa Nyota Tano walipiga kura kwa njia ya intaneti na kukifuta cheo cha mdhamini ambacho Grillo alikishikilia bila kikomo cha muda. Alidai kura irudiwe, ikarudiwa mwezi Desemba, na matokeo yakawa yale yale.